Boti Iliyokataa Kupanda

Ijumaa iliyopita nilikabidhi funguo za karakana, pamoja na zile spana ambazo namba zake zimefutika na ambazo ninyi vijana mtazijua kwa kuzipima na kidole, kama nilivyozijua mimi. Mliniomba niseme maneno machache. Nilisema "asanteni" nikakaa, kwa sababu soda zilikuwa zinapata moto na mwenyekiti wa mtaa alikuwa ameshasema maneno ya watu wanne. Sasa niko nyumbani, sina injini ya kufungua, na mke wangu amenikataza kuigusa redio yake. Basi nayaandika hapa yale niliyopaswa kuyasema siku ile.

Vyeo sitavitaja. Vilikuja, vikaondoka, na hakuna hata kimoja kilichonisaidia kufungua bolti iliyoshika kutu. Kipato nacho mnakijua, tukiache kipumzike. Nitaandika kuhusu kazi, na zaidi kuhusu siku moja ambayo nilisema uongo mbele ya mtu aliyenifundisha kusikiliza mashine. Sijawahi kuisimulia. Waliokuwepo wengi wao wameshatangulia, na nisipoiandika itakwenda na mimi.

Mimi ni mtoto wa Ukata, huko juu kwenye kahawa na mahindi, ambako maji mengi kuliko yote niliyowahi kuyaona yalikuwa ndani ya pipa la misheni. Mashine yangu ya kwanza ilikuwa ya kusaga unga. Nilipoteremka Mbamba Bay kuanza kazi kwenye karakana ya boti, nilikuwa na sanduku la bati, barua moja, na hofu ya ziwa ambayo nilidhani nimeificha vizuri. Fundi mkuu alikuwa Mzee Kayuni, Mnyasa wa hapohapo ufukweni, mfupi, mwenye viganja vipana, aliyejifunza injini kwenye meli za ziwani tangu ujana wake. Nilimkuta amekaa juu ya kreti la soda, amefumba macho, mbele yake injini ya boti inanguruma ndani ya pipa la maji.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Umetoka wapi?"

"Ukata, mzee."

"Mmatengo." Alilitamka kama mtu anayesoma jina la ugonjwa kwenye cheti. "Kuogelea unajua?"

"Hapana, mzee."

"Vizuri. Utazikaza bolti zako kuliko hawa wanaojua."

Wiki nzima ya kwanza sikushika spana. Alinikalisha kwenye kreti la pili nisikilize. Kila baada ya muda alichomoa waya wa plagi moja au kukunja kidogo bomba la petroli, bila kuniambia, kisha ananiuliza nini kimebadilika. Jumatatu sikujua kitu. Jumamosi nilijua plagi gani imekufa hata nikiwa nimempa mgongo. Hakunisifu. Alinipa spana namba kumi na kuniambia niioshe.

Hapa nieleze jambo moja, maana msipolielewa hamtaelewa yanayofuata. Boti ya mashine ikienda polepole inasukuma maji kama mtumbwi. Ukiongeza moto, mbele inanyanyuka, nyuma inazama, na kwa muda kidogo inahangaika kama mtu anayepanda ngazi na gunia. Boti nzuri inalipanda wimbi lake yenyewe, inashusha pua, na kuanzia hapo inakimbia juu ya maji badala ya ndani yake. Hilo ndilo tuliloliita kupanda. Ikishapanda, safari inakuwa fupi na petroli inapungua taratibu. Isipopanda, inabaki imenyanyua pua kama tajiri aliyekosewa salamu, inamaliza petroli, na inapeleka mawimbi kwenye mitumbwi ya watu.

Mzee Kayuni hakuwa na saa ya kupimia. Ya mkononi ilikuwa imekufa zamani, akawa anaivaa kwa heshima tu. Alipima kwa Salamu Maria. Akishafungua moto wote, anaanza sala kwa sauti, kwa mwendo wa kanisani, bila haraka. Sala ile ina nusu mbili, na ya pili, inayoanza "Maria Mtakatifu", ndiyo inayotaja saa ya kufa kwetu. Boti yenye mzigo wa kawaida ilitakiwa iwe imepanda kabla hajaifikia hiyo nusu ya pili. "Boti nzima haikufikishi kwenye saa ya kufa," alikuwa akisema, na sala anaikatia palepale. Nilipomwuliza kama si dhambi kumpima Mama wa Mungu na injini, alinijibu kuwa sala ni sala, na kwamba kwa jinsi nilivyofunga ile kabureta, tulihitaji sala.

Somo lake lililonikaa zaidi alinipa mwaka wangu wa kwanza. Tulikuwa tunawapeleka wakubwa wanne upande wa Liuli, watu wa heshima na wenye matumbo ya heshima. Mnajua desturi yetu: mkubwa hakai mbele, mbele kunarusha maji. Basi tuliwakalisha wote nyuma, karibu na mashine, pakavu. Boti ikakataa kupanda. Nikazima, nikafungua kabureta, nikaipuliza, nikaifunga. Ikakataa. Nikaifungua tena. Jasho linanitoka na wakubwa wanatazamana. Mzee Kayuni alikuwa amekaa muda wote huo, mikono mapajani. Mwishowe akasimama, akavua kofia, akasema, "Wakubwa, tunaomba mje huku mbele mtubarikie safari." Wakaja mbele, wakajikunjua kwa fahari. Boti ikapanda kabla sala haijafika nusu. Jioni ndipo aliponiambia: kabla hujailaumu mashine, angalia mzigo na mahali ulipokaa. Maneno yale nimeyatumia mara nyingi kuliko spana yoyote.

Kisha ikaja miaka ya ruksa. Mnaosoma haya wengi wenu mlikuwa mgongoni. Ghafla vitu vikaanza kuingia, na karibu kila kimoja kilikuwa kimeshatumiwa na mtu mwingine mahali pengine: suruali, friji, baiskeli, matrekta, na boti. Wakati huohuo karakana yetu ikapunguza watu, na mimi nikawa miongoni mwa waliopunguzwa. Niliezeka mabati sita karibu na mwalo, pale boti zinapotia nanga, ndiyo karakana mliyopokea funguo zake, nikaanza kujitegemea. Kazi yangu kubwa ikawa moja: watu wanakuja, wananionyesha boti au mashine iliyotumika, wananiuliza wainunue au waiache. Nilijifunza kuwa anayeuza kitu kilichotumika hukipaka rangi mpya mahali palepale palipooza. Nilijifunza pia kuwa si kila anayeuza kibovu anajua kuwa ni kibovu, na hili la pili lilinichukua muda mrefu zaidi.

Mzee Kayuni alikuwa ameshazeeka. Mfanyabiashara mmoja wa duka pale Mbamba Bay, Bwana Mbaraka, ambaye baba yake alitoka Kilwa, alimpa kazi ya kulinda boti yake. Ilikuwa boti ya faiba, futi kumi na nane, na mashine ya nguvu za farasi arobaini. Bwana Mbaraka aliinunua kwa mgeni aliyekuwa na kambi ya uvuvi iliyoshindwa. Alitaka iende kuchukua dagaa wa usipa kwenye vijiji, lakini akaona inakunywa petroli kuliko faida, akaiweka mchangani misimu miwili ya kiangazi huku akitafuta mnunuzi. Kwa Mzee Kayuni boti ile ilikuwa kama mjukuu. Kila ukipita unamkuta anaifuta.

Mnunuzi alikuja kutoka Lundo. Mama Skolastika, wote tukimwita Mama Skola, alikuwa muuguzi wa zahanati kule. Mwanamke mrefu, sauti ya chini, viatu vya mpira. Alikuja kwangu asubuhi akakaa kwenye tairi langu la wageni, akakataa chai.

"Fundi," alisema, "masika yaliyopita nilikuwa ndani ya mtumbwi na mama mmoja, Restituta, tunampeleka hospitali. Barabara ilikuwa imekatika. Wanaume wanne wanapiga kasia. Nilikuwa nimemshika mkono. Tuliiona hospitali, fundi. Tuliyaona mabati yake."

Nikafuta spana ambayo ilikuwa safi.

"Kijiji kimechanga," aliendelea. "Wengine wameuza mahindi ya kula. Tunaweza kununua boti mara moja tu. Twende ukaiangalie ya Bwana Mbaraka. Usiniambie kama ni nzuri. Niambie kama itafika."

Twende basi kwenye siku yenyewe. Tulikutana mwaloni saa mbili asubuhi: mimi, Mama Skola na wazee wawili wa Lundo, Bwana Mbaraka na kanzu yake ya kazi, na Mzee Kayuni amevaa shati la Jumapili. Boti ilikuwa inang'aa kama sufuria ya arusi.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, Mmatengo. Kagua, usione haya. Ukipata kasoro kwenye hii, nakupa kofia yangu."

Nilianza na mashine, kama alivyonifundisha. Nikatoa plagi, zilikuwa na rangi ya kahawia ya buni iliyokaangwa vizuri, dalili kwamba moto unawaka inavyopaswa. Nikaweka dole gumba kwenye tundu la plagi, nikavuta kamba. Pumzi ikalitupa dole gumba nje, dalili kwamba ringi za pistoni ni nzima. Tundu la pili vilevile. Nikaangalia propela: mabawa matatu mazima, hayajapinda. Ndani ya propela kuna mpira unaoishika kwenye ekseli, na mpira ukichoka, mashine inazunguka kwa nguvu huku propela inazembea. Kwa hiyo nikachora mstari wa chaki kutoka kwenye kitovu cha chuma hadi kwenye bawa, ili tukirudi nione kama umekatika. Nikatambaa chini ya tumbo la boti. Hapakuwa na ukoga wala konokono. Bwana Mbaraka alikuwa ananifuata nyuma hatua kwa hatua.

"Fundi, mimi simuuzii mtu mbuzi kwenye gunia," alisema. "Fungua unachotaka."

Tukaingia majini. Mzee Kayuni akashika mashine, mimi nikakaa katikati na Mama Skola na Bwana Mbaraka, wazee wa Lundo, kwa desturi, nyuma. Akafungua moto. Akaanza sala. Mbele ikanyanyuka. Akafika "Maria Mtakatifu". Akaendelea. Akamaliza ya kwanza, akaanza ya pili, na sauti yake ikapungua. Ya tatu aliisema moyoni, niliona midomo. Katikati ya ya nne ndipo boti iliposhusha pua, kwa shida, na upepo mdogo ulipotupiga ubavuni ikazama tena.

Nikatabasamu moyoni. Nikasema, wazee, njooni mbele mtubarikie safari. Mzee Kayuni akacheka, akakumbuka. Wakaja mbele. Tukarudia. Sala tatu kamili.

Hapo nikaacha kutabasamu. Nikaangalia tundu la hewa la tangi la petroli, liko wazi. Nikaminya ule mpira wa kupandisha petroli. Mgumu, yaani petroli inafika. Nikasogeza pini ya kuinamishia mashine, tundu moja, kisha la pili. Tundu la pili lilitupunguzia labda nusu ya sala. Nikatazama mashine imekaa juu au chini kiasi gani kwenye ubao wa nyuma, sawasawa. Tuliporudi nikatazama chaki, mstari haukukatika. Mashine ilikuwa nzima. Propela nzima. Tumbo safi. Watu tulikuwa sita wembamba. Kilichobaki ni uzito, na uzito ulikuwa wa boti yenyewe.

Mnajua boti tunavyoipandisha mchangani: vijana wa mwaloni wanakuja, wanaweka magogo, mmoja anaimbisha. Boti ya faiba ya urefu ule, mashine ikiwa imetolewa, inavutwa na watu wanane huku wakiongea mambo yao. Siku ile wanane walivuta, ikajikuna tu. Wakaja wanne. Wakaja wengine wanne. Watu kumi na sita, wimbo mara mbili. Mzee mmoja wa Lundo alipiga kofi ubavuni mwa boti, amefurahi kweli.

"Nzito!" alisema. "Hii ndiyo boti. Hii itatuzika."

Alikuwa anafikiri kwa mtumbwi. Kwa mtumbwi, uzito ni sifa: mti mnene, usio na uozo. Nilichukua nyundo, nikaigeuza, nikaanza kugonga sakafu ya boti kwa mpini, kuanzia mbele. Mbele ililia ko, ko, ko. Kuanzia benchi la kati kwenda nyuma ililia pu. Kuna kifuniko kidogo cha skrubu pale sakafuni. Nikakifungua, nikatoa mfukoni spoki yangu ya baiskeli, nikaichomeka ndani. Chini ya sakafu ya boti za namna ile wanajaza sponji ngumu la manjano, ili boti hata ikijaa maji isizame. Spoki ilitoka imelowa hadi kwenye vidole vyangu, na ilinuka kama mtungi uliosahauliwa.

"Mzee," nikamwuliza, sijui bado ninachouliza, "huku mchangani ilikuwa inalala vipi?"

Mzee Kayuni alinyoosha mgongo. Lilikuwa swali alilokuwa analisubiri siku nzima.

"Siku nilipokabidhiwa niliona jua hili litaipasua. Nikafunga kizibo, nikaijaza maji hadi hapa kwenye benchi. Kila Jumapili baada ya misa naongeza ndoo. Misimu miwili, sijaiacha ikauke hata siku moja. Jana ndiyo nimeifungulia maji nikaifuta. Tafuta ufa, Mmatengo. Hutaupata."

Ilikuwa kweli. Hapakuwa na ufa. Mtumbwi uliochongwa kwenye gogo ukiachwa mkavu juani unapasuka, kwa hiyo mwenye akili anaujaza maji mpaka siku ya kuutumia. Baba yake alifanya hivyo, na babu yake. Lakini faiba haipasuki kwa jua hilo, na ile sakafu ilikuwa imefungwa kwa skrubu, na kila skrubu ni mlango. Sponji lililowekwa pale kuiokoa boti lilikuwa limekunywa maji misimu miwili, Jumapili hadi Jumapili, kutoka kwenye mkono wa mtu aliyeipenda kuliko mwenye mali. Mashine aliijua kuliko mtu yeyote wa pwani hii. Faiba ilikuja wakati ameshazeeka, na hakuna aliyemwambia.

Mama Skola alikuwa amesimama nyuma yangu. "Fundi, nini?"

Niliinua macho. Nilimwona Mzee Kayuni na shati lake la Jumapili. Nikasikia mdomo wangu ukisema, "Mashine imechoka. Ringi za pistoni zimekwisha. Msiinunue."

Niliupanga uongo ule kwa haraka na nikaridhika nao. Fedha za Lundo zingepona. Uso wa mzee ungepona. Bwana Mbaraka angekosa mnunuzi mmoja, na nilijiambia kuwa yeye ana duka. Sikufikiria kuwa Mama Skola angerudi Lundo mikono mitupu, masika yanakaribia, na nimemkataza mashine nzuri kuliko zote zilizokuwepo ufukweni.

Mzee Kayuni alikwenda kwenye mashine iliyokuwa imeegemezwa kwenye gogo, akafungua plagi moja kwa mkono wake, akashika kamba.

"Njoo. Weka dole."

"Mzee..."

"Weka dole."

Nikaweka. Akavuta. Pumzi ikalitupa dole gumba langu mbele ya watu wote.

"Imechoka?"

Nilitazama dole gumba langu.

"Nakuuliza wewe. Ringi zimekwisha? Nilikukalisha kwenye kreti wiki nzima, unasikia plagi iliyokufa umenipa mgongo. Leo husikii?"

"Mzee, naomba tuongee pembeni."

"Pembeni kuna nini? Mwenye boti yuko hapa. Wanunuzi wako hapa. Mimi ndiye niliyekufundisha kuisingizia mashine?"

Niliona aibu kiasi kwamba nilitamani lile ziwa nililoliogopa. Nikampa spoki.

Aliitazama, akanitazama, akapanda ndani ya boti. Aliichomeka pale nilipochomeka. Akaichomoa, akainusa. Akafungua skrubu za ubao wa pili, akachomeka tena. Kisha wa tatu, nyuma kabisa. Maji yalitiririka kwenye kiganja chake. Alikaa juu ya benchi. Mimi nilimjua, nikajua wakati ule alikuwa anazihesabu Jumapili.

Alishuka, akavua kofia.

"Mama," alimwambia Mama Skola, "mashine ni nzima. Huyu amekudanganya kwa ajili yangu, na nitamalizana naye. Boti imekunywa maji. Aliyeinywesha ni mimi."

Kisha akamgeukia Bwana Mbaraka. "Bwana, nimekuharibia mali yako. Kila Jumapili."

Bwana Mbaraka alishika kidevu. Nilingoja maneno makali, na alikuwa na haki nayo. "Mzee Kayuni," alisema, "nilikuwa nakuona dukani kwangu ukipita na ndoo. Nilikuwa nasema, Mungu amenipa mlinzi. Sasa nikulaumu wewe peke yako?"

Bei waliyoelewana baada ya hapo ni yao. Mama Skola aliniuliza swali moja tu, na hakunitazama usoni alipouliza: ile boti inaweza kupona? Nikamwambia sijui, na safari hii ilikuwa kweli. Mzee Kayuni akasema inaweza. Tukafungua sakafu. Sponji halikutoka kwa mkono wala kwa patasi, kwa hiyo nililetewa jembe kutoka Ukata, na watu wa mwaloni hawajamaliza kunicheka mpaka leo, Mmatengo amekuja kulima boti. Nilichimba, na Mzee Kayuni akabeba kwenye beseni. Alikataa kusaidiwa. Nilimwona akipanda mchanga ule na beseni kichwani, linamvujia mgongoni, mara baada ya mara, na hakuniruhusu nimpokee hata moja. Rundo la sponji la manjano lilikaa ufukweni siku nyingi likitoa maji. Mahali pa sponji tuliweka madumu matupu ya mafuta ya kula, tukayakaza vizibo, tukayafunga kwa kamba, tukarudisha sakafu juu yake. Bado yako pale. Mkikagua boti ile msishangae.

Siku ya kuijaribu, Mama Skola alitandika mkeka ndani ya boti akalala yeye mwenyewe kama mgonjwa, akaweka wanawake wawili ubavuni na mizigo ya kweli. Mzee Kayuni akafungua moto, akaanza sala. Boti ikanyanyuka, ikahangaika kidogo, ikashusha pua. Akakata sala palepale, kabla ya nusu ya pili. Mama Skola alikuwa amelala chali, mkono mdomoni, machozi yanaingia masikioni. Baadaye alisema, "Rudia, mzee. Nihesabie tena." Akarudia mara tatu.

Mzee Kayuni alimalizana nami jioni ile, kama alivyoahidi. Alisema maneno machache. Alisema mashine haina mdomo wa kujitetea, ndiyo maana fundi anaaminiwa. Na kwamba kama ningemnong'oneza ukweli tu, angeubeba mwenyewe; mimi nilimwona mzee wa kuhurumiwa kabla ya kumwona fundi. Hilo la pili ndilo lililoniuma, na bado linaniuma ninapoliandika.

Kwa hiyo ninyi mliobaki: mtakuja kuitwa kukagua boti iliyotumika. Pimeni pumzi, chaki, pini na propela, hayo mnayajua. Wahamisheni wakubwa waje mbele. Lakini muulizeni pia anayeitunza, kwa heshima, inalala vipi. Mkishapata jibu, lisemeni hilohilo, hata kama aliyesimama mbele yenu ndiye aliyewapa spana ya kwanza.

Miaka kadhaa baadaye Mzee Kayuni alikuwa anaishi kwa binti yake huko Lundo, na kifua kikamzidi. Boti ilikuwa bado inafanya kazi. Nilikuwepo, nikashika mashine mimi. Tulikuwa tumemtandikia nyuma, pakavu, karibu nami. Akakataa, kwa kidole tu, kwa sababu sauti ilikuwa imebaki kidogo. "Wakubwa mbele," alisema. Tukambeba mbele.

Nilipofungua moto aliianza mwenyewe. Sikumsikia kwa sababu ya kelele za mashine, ila niliona mabega yakienda na maneno, kwa mwendo wa kanisani. Boti ikanyanyuka, ikapanda, ikashusha pua. Mabega yakasimama palepale alipozoea kukatia. Akageuza kichwa taratibu, akanionyesha dole gumba.

Tulimfikisha hospitali. Alikaa huko siku chache. Na ile nusu ya pili, ambayo hakuifikia ndani ya boti nzima hata mara moja, niliisema mimi kaburini kwake, kwa mwendo wake, bila haraka, mpaka mwisho.